Nilivyokuwa mkalimani shuleni

Siku ya Jumanne, jirani yangu, mama wa Kikongo, aliniomba nikamtafsirie shuleni kwa bintiye, hapa Wembley. Alijua pa kwenda, Kiingereza changu kinasimamisha treni. Mwalimu akaongea dakika kumi. Nikamwambia mama, "Anasema mtoto anaendelea vizuri sana."

Binti akamgusa mama mkono. "Mama, naomba ruhusa niongee mbele ya wakubwa."

"Ongea."

"Anko kakosea. Mwalimu anasema siongei darasani, kwa hiyo kwenye ripoti nabaki daraja la wanaoanza Kiingereza."

Kisha akamgeukia mwalimu, akamweleza kwa Kiingereza kinachoteleza kwamba kwao mtoto hunyamaza mkubwa akiongea. Mwalimu akampandisha madaraja mawili palepale.

Mimi akanipa fomu ya darasa la jioni, la wanaoanza. Nimeijaza, maana walimu wao wanaonekana wanahitaji msaada.