Wanalipia Mbio, Wanaanza kwa Miguu

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Wateja kumi na wawili wamesimama kwenye lango la uwanja wa mbio za magari, kila mmoja na kofia ngumu ya kuazima kwapani. Wanamsubiri mtu wa kuwatembeza. Hajafika. Kwa miaka kumi na sita hajawahi kuchelewa.

Mdogo wake wa kike, mkufunzi kwenye uwanja huohuo, anampigia. Simu inapokewa na wifi yake.

"Wifi, njoo nyumbani. Kaka yako hajaamka."

Anapokimbilia lango, mteja mmoja anamshika mkono na kumuuliza kama zamu yake ya kuendesha bado ipo.

Imepita miezi mitatu. Wenzake kazini humwita mkufunzi huyo Mwalimu, na hata leo akimkumbuka mteja yule anasonya.

Kazi yake ni hii. Mtu wa kawaida, mwenye duka au karani, analipia nusu saa ya kuendesha gari la mbio. Mteja anashika usukani. Mwalimu anakaa pembeni, mbele ya breki ya pili, na kumwelekeza. Hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Akibaki nyumbani hapati kitu.

"Wanaume ndio wananimaliza," anasema. "Ukimwambia apunguze, anakwambia, dada, mimi naendesha tangu sijaota ndevu. Namuuliza, hizo ndevu zinaijua kona ya tatu?"

Kona ya tatu imeinama kwa nje. Ukiwa ndani ya gari huoni hilo. Unaona lami tambarare, unaingia kwa kasi, na gari linakuchukua mpaka kwenye kokoto. Ndiyo maana kaka yake, kabla ya yeyote kuwasha injini, aliwatembeza wateja uwanja mzima, kilomita mbili na nusu. Wakifika kwenye kona hiyo alimwaga maji ya chupa juu ya lami, wakatazama yanakokimbilia.

Wateja walinung'unika kila wiki. Aliyenung'unika kuliko wote ni dada yake, ambaye kwa miaka sita alibaki karakana akinywa chai hadi warudi.

"Nilikuwa namwambia, kaka, unawachosha watu bure, kona nitawaelekeza mimi humo humo ndani ya gari. Ananijibu, wewe kunywa chai yako." Anafungua mkanda wa kofia yake, anaufunga tena. "Haya. Kaondoka, kaniachia mimi msafara wake."

Baada ya mazishi, meneja aliufuta msafara huo. Alisema watu hawalipii mbio ili watembee, na kwamba muda ule ungetosha kundi zima la ziada. Mwalimu hakubisha. Angebishaje, na maneno yalikuwa yake mwenyewe?

Jumamosi mbili zilizofuata, magari matano yaliishia kwenye kokoto, yote kona ya tatu, yote yeye akiwa ndani. Hakuna aliyeumia. Mara ya tano alikanyaga breki mpaka goti likavimba, na mteja akamgeukia kumlaumu kwamba amemharibia raha.

Akashuka. Alimwambia meneja kwamba hatakaa tena na mtu ambaye hajaitembea kona ile, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe. Meneja alikuwa na wateja sita kwenye foleni na hana mkufunzi mwingine. Akasema si neno, atakaa yeye.

Alimpata bwana mmoja mwenye leseni ya miaka ishirini, aliyeitaja miaka hiyo mara mbili kabla ya kufunga mkanda.

Waliokuwa karakana walisikia injini ikinguruma, kisha kimya. Baada ya robo saa meneja akaonekana anakuja kwa miguu, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, bosi," fundi wa matairi alimwambia. "Njia umeionaje?"

Meneja alimpita, akasimama mbele ya Mwalimu.

"Kaka yako alikuwa anaanza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Basi waanze saa moja."

Tangu hapo Mwalimu ndiye anayewatembeza, na hajaipenda kazi hiyo hata kidogo. Goti linauma. Wateja wanabaki nyuma wakipiga picha, wanauliza bado ni mbali kiasi gani, kama watoto safarini. Kaka yake alijua kuwachekesha, yeye hajui. Akishamwaga maji, anawaambia tu watazame.

"Pale alikuwa anasema kitu," anasema. "Watu walikuwa wanarudi wanacheka, lakini hakuna hata mmoja aliyeidharau kona. Mimi sijui alikuwa anawaambia nini. Miaka sita, sikwenda hata mara moja."

Sasa kila mteja wa zamani anayerudi, Mwalimu humuuliza maneno hayo. Mmoja alikumbuka mwanzo wa maneno, akasahau mwisho.

Jumamosi hii wamejiandikisha wateja tisa. Wawili kati yao waliwahi kutembea na kaka yake, na Mwalimu amepanga watembee mbele, karibu naye.