Betri Tano za Kupeleka Kwa Vonza

Wacha niseme mwenyewe kabla watu wa Kwa Vonza hawajawaambia: niliruka dirisha nikamwacha mwanamke ndani na kitu nilichodhani kinalipuka. Nilikuwa nimejifunga leso ya shangazi yangu. Leso nayo haikuruka, ilibaki kwa dirisha.

Safari ilianza mjini Salama, mahali nachaji betri za malori na redio. Shule niliachia kidato cha pili. Binamu yangu Mwende ndiye alifika chuo kikuu, akisomea mambo ya unga wa madini wenye punje ndogo ajabu. Mwaka huo chuo kilifungwa kwa sababu ya migomo, akarudi kijijini kwao Kwa Vonza na kazi ya digrii haijaisha. Stima huko hakuna. Akatuma neno: niletee betri tano. Unga ulikuwa umebaki wa kujaribu mara moja tu. Ukiharibika, digrii imeenda.

Asubuhi nikapata lifti ya pikapu ya mbuzi. Nikakaa nyuma kati ya betri, nimezishika kama watoto. Kufika Machakos nikasikia matako yanachoma. Maji ya betri yalikuwa yamemwagika, na suruali ilikuwa inaisha polepole.

Kwa Vonza tulifika mchana. Shangazi, mamake Mwende, akanisalimia, akazunguka nyuma yangu.

"Mutua, umekalia nini?"

"Kazi, shangazi."

Ndipo akanipa leso.

Betri tulizipanga nje chini ya dirisha, tukaziunga moja kwa nyingine, waya mbili zikapita dirishani. Mwende hakutaka cheche hata moja ndani, kwa sababu unga wake ulikuwa umekorogwa kwa spiriti. Cheche ikiingia hapo, alisema, tunaungua sote. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Spiriti ilikuwa nyeupe kama maziwa. Punje za huo unga hata darubini ya shule haiwezi kuziona. Akatumbukiza vibati viwili, kila kimoja na waya yake. Stima ingezivuta punje ziogelee zenyewe, zijipange juu ya kibati kimoja kama rangi.

"Wewe shika hiki kwa kibanio cha mbao. Kisitingishike."

"Mkono ndio unatingishika, si kibati."

Akaenda nje akaunga waya, akarudi. Kidogo nikaona mapovu yanapanda. Sasa, kwa kazi yangu, betri ikitoa mapovu mengi kwa chaja unaondoka hapo. Moja ilishanipasukia, ikaenda na nyusi.

"Mwende, inapasuka," nikasema. Jina nilitajia ndani, "inapasuka" nikaisemea nje ya dirisha.

Nikalala chini kando ya betri, mikono kichwani, nikingoja mlio. Badala yake nikasikia Mwende akiniita polepole kutoka ndani.

"Kaka, uko hai?"

"Niko."

"Kibati nimekishika mimi. Hayo mapovu ni kwa sababu spiriti imeingia maji kidogo, na hizi betri zimezidi. Toa moja. Lakini haraka. Stima ikikatika kwa muda, unga wote unaanguka."

Ngai wakwa, Mungu wangu. Nikaikamata waya kwa vidole viwili. Nikaing'oa kwa betri ya tano, cheche ikaruka mbele ya pua, nikafumba macho, nikaibandika kwa ya nne. Nikaikandamiza hapo, nikisubiri neno kutoka ndani.

"Imeshika," Mwende akasema.

Alipomaliza alinionyesha kibati nikiwa bado nimechuchumaa kando ya betri: cheupe, laini, ila pembe moja ina vitundu mahali mapovu yalipita.

"Hiyo pembe nitakata. Iliyobaki inatosha."

Kesho yake nikarudi Salama, nimesimama njia yote. Nimejifunza kwamba si kila kinachotoa mapovu kinapasuka, lakini mwili wangu bado haujakubali.

Nilimwambia Kioko, rafiki yangu anayeziba pancha hapo ng'ambo ya barabara, mambo yote hata ya leso. Nilingoja acheke. Akaendelea kusugua tyubu.

"Mutua," akasema, "wewe uliruka ukaangukia kando ya betri. Mimi ningekimbia mpaka waniokote Malili, mji mwingine kabisa."