Mstari wa Sehemu ya Kumi na Tisa

Miaka ishirini na sita nilishika daftari la matangazo kwenye kituo cha televisheni, na humo ndani niliandika uongo mstari mmoja tu. Ukilinganisha mstari mmoja na miaka ishirini na sita utasema si kitu. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo mara nyingi, nikipiga pasi, nikichambua mchele, nikisubiri usingizi. Haisaidii.

Kazi yenyewe niliipata kwa ajili ya mwandiko. Mkuu wa vipindi, mwanamume mnene asiyevua koti hata kwenye joto, alinipa kalamu akaniambia niandike jina langu, tarehe na saa. Akatazama, akasema, "Huyu anafaa." Tangu siku hiyo kila kilichoonekana kwenye televisheni za watu kilipitia kalamuni kwangu: jina la kipindi, sehemu ya ngapi, saa ya kuanza, saa ya kwisha, halafu neno "imerushwa" na sahihi yangu. Nisipoandika, haikurushwa. Nikiandika, imerushwa, hata ubishe mpaka povu likutoke. Nilijisikia sana enzi hizo, sifichi.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyenizidishia maringo, maana yeye alikuwa anaonekana ndani ya hiyo televisheni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akaacha ualimu akaenda kuigiza, na baba yake akanuna miezi minane. Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, hana maneno mengi, lakini akinuna nyumba nzima inakula kimya kimya.

Tamthilia yao ilikuwa inatoka kila Jumamosi saa kumi jioni. Wifi alipewa nafasi ya mtumishi wa ndani katika nyumba ya tajiri. Sehemu kumi na nane mfululizo kazi yake ilikuwa moja: anaingia na sinia la chai, analiweka mezani, anatoka. Hasemi neno. Mimi na utani wangu nikimkuta namwambia, "Wifi, jana umelishika sinia vizuri kuliko wiki iliyopita." Naye ananijibu, "Cheka tu. Siku yangu inakuja."

Na kweli ilikuwa inakuja. Katika Sehemu ya Kumi na Tisa mtumishi yule anaweka sinia chini na kusema. Dakika kumi nzima anasema yeye peke yake, anawatolea mabosi wake yote aliyoyasikia kwenye sebule ile walipokuwa wanadhani hana masikio. Atasema maneno gani, hakutaka kutuambia. "Mtaona wenyewe," alisema. Akaenda kwa baba yake, akamwomba kitu kimoja: aje aketi na wengine, atazame mara moja tu. Mzee akafikiri siku mbili, akakubali. Sijapata kumwona wifi amefurahi vile, hata siku ya harusi yake.

Sasa nije kwangu. Jumamosi ile nilikuwa zamu. Ufunguo wa stoo ya mikanda ya vipindi nilikaa nao mimi, na kila siku ulikuwa kwenye mkoba wangu mweusi. Siku hiyo nilivaa viatu vya kahawia, na kwa kuwa nilikuwa najiona mtu wa maana, nikabeba mkoba wa kahawia vifanane. Nikafika kazini nimechelewa, saa tisa na dakika arobaini. Naingiza mkono kwenye mkoba, hamna ufunguo. Nikaumwaga mkoba wote mezani: leso, kitana, pipi mbili. Kutoka pale mpaka nyumbani ni saa nzima kwenda tu.

Fundi mitambo, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameketi mbele ya mashine yake anakula karanga. Nikamweleza. Akasema, "Mkanda wa sehemu ya kumi na nane bado ninao hapa. Tuuweke huo. Mkuu yuko msibani, nani atajua?"

"Watazamaji watajua."

"Watazamaji wana daftari?"

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimepewa onyo la maandishi kwa kuchelewa, na mkuu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba likija la pili nitamwaga unga. Saa kumi kamili fundi akabonyeza. Nikachukua kalamu, na kwa ule mwandiko wangu wa kusifiwa nikaandika: Sehemu ya 19, saa 10:00 hadi 10:45, imerushwa. Mkono haukutetemeka. Ningependa kusema ulitetemeka, ila ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria viatu vinavyonibana.

Kule kwa baba mkwe nilikuja kusimuliwa na mume wangu. Watu walijaa mpaka kwenye korido. Mzee alipewa kiti cha mbele. Wifi alikaa nyuma yake sakafuni, mikono imeshikana. Ikaanza, na ikawa ni ile ile ya wiki iliyopita. Wifi akasema, "Labda wanakumbusha kidogo, ngojeni." Wakangoja. Wifi wa kwenye televisheni akaingia na sinia, akaliweka, akatoka. Wakangoja tena mpaka majina yakapanda na muziki ukaisha. Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wote. Baba mkwe akainuka, akasema, "Hii ndiyo kazi iliyokufanya uwaache watoto wa watu darasani?" Akaenda zake chumbani.

Mngedhani basi, wiki ijayo kosa litasahihishwa. Lingesahihishwaje? Daftari lilisema kumi na tisa imeshatoka, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata ikarushwa ya ishirini, na humo mtumishi ameshafukuzwa, haonekani tena. Zikaja barua kumi na moja za watazamaji wakiuliza mbona hawaelewi. Mkuu wa vipindi akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wangu, akasema, "Watu wanasinzia mbele ya televisheni halafu wanatulaumu sisi."

Wifi naye aliandika barua. Alijibiwa kwa mashine ya chapa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za kituo, kipindi kilirushwa. Alikuja nayo nyumbani kwa baba yake siku tuliyokuwa tumekaa wote tunakula. Hakumtazama mtu mwingine, alinitazama mimi.

"Wifi, daftari unalishika wewe. Waambie. Ilirushwa au haikurushwa?"

Vijiko vilisimama. Baba mkwe alikuwa ananitazama, mume wangu ananitazama. Nilimeza tonge, nikasema kwa macho makavu, "Daftari linasema ilirushwa."

Hakubisha. Aliikunja ile barua mara nne, akaitia kwenye pochi. Mume wangu akasema, "Mwacheni dada na ndoto zake." Tangu siku ile familia ikampachika jina la Sinia, na majirani wakalidaka. Ninachotaka kukisema waziwazi ni hiki: na mimi nilimwita hivyo. Nilimwita Sinia mbele ya watu, nikacheka nao, kwa sababu ningenyamaza mimi peke yangu wangeniuliza kwa nini.

Na bado nilikuwa na nafasi. Mikanda ilikuwa adimu, na utaratibu wa kituo ulikuwa kwamba mkanda ukisharushwa unawekwa kwenye rafu ya kufutwa, unakaa siku thelathini, halafu unarekodiwa kitu kingine. Siku thelathini nilipita kando ya rafu ile. Nikiingia nauona, nikitoka nauona. Ingetosha kwenda kwa mkuu na kusema, "Nilikosea." Kila asubuhi nilisema kesho. Siku ya thelathini na moja wakaufuta, wakarekodi juu yake ufungaji wa semina ya vyama vya ushirika. Nilitia sahihi hapo pia.

Wifi hakurudi kuigiza. Mwongozaji alimtuma mtu mara mbili kumwita, akasema amechoka. Akanunua cherehani, akawa anashona sare za shule, na mpaka leo anashona. Baba mkwe akafariki miaka miwili baadaye, na kichwani mwake binti yake alikuwa mbeba sinia. Nilimlilia kwenye mazishi kuliko watoto wake wa kuwazaa. Watu wakasema, mkwe mwema huyo.

Miaka thelathini na minne imepita. Mwezi jana akaja kwangu binti mmoja mtafiti, ana kompyuta ya kupakata na heshima zake. Anaandika kitabu juu ya tamthilia za zamani: kila sehemu ilirushwa lini, ilirudiwa lini, mkanda upo au haupo. Alikuwa na nakala za kurasa za daftari langu.

"Bibi, una mwandiko mzuri sana," aliniambia.

Nikasema asante. Ningefanyaje?

"Tatizo ni moja tu, Sehemu ya Kumi na Tisa. Mkanda haupo. Mwigizaji mmoja anashikilia kwamba haikurushwa kabisa, lakini ni mtu mzima sasa, na daftari linasema wazi. Nitaandika kwamba ilirushwa, na kwamba kumbukumbu za mwigizaji zina makosa. Nimekuja tu unithibitishie, maana sahihi ni yako."

Kumbe hakujua kama huyo mwigizaji ni wifi yangu. Nikamtazama yule binti, nikaona wifi anakwenda kupigwa muhuri wa uongo kitabuni, asomwe na watu ambao hawajazaliwa. Nikamwambia anipe siku tatu. Akashangaa siku tatu za nini, akaondoka.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa wifi. Nilimkuta jikoni, ndiko ilikokaa cherehani, sare za bluu zimerundikwa mpaka juu ya friji. Sikukubali chai. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: mkoba, fundi na karanga zake, mstari, rafu, siku thelathini. Aliendelea kushona nilipoanza. Nilipofika kwenye rafu mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Kwa hiyo sikuwa mwehu," alisema.

"Hukuwa."

"Kuna miaka nilianza kuamini labda nililala mimi. Wote tukalala, chumba kizima."

Nilitoa simu, nikampigia mtafiti hapo hapo, nikaweka sauti ya juu ili asikie. Nikasema, "Andika haikurushwa. Aliyeandika imerushwa ni mimi, na nilijua. Andika na jina langu." Binti akauliza mara tatu kama nina hakika. Nikakata simu, na nikahisi nimetua mzigo. Nilidhani sasa yamekwisha.

Wifi aligeuka kwenye kiti akanielekea. Uso ulikuwa umebadilika, umekuwa wa yule msichana aliyeacha chaki.

"Wifi, mikanda si mlikuwa mnaitazama kwanza kabla haijarushwa? Ulikuwa unajisifu hivyo."

"Tuliitazama."

"Ile nayo uliitazama? Mimi sijawahi kuiona. Mwongozaji amekufa, fundi amekufa. Umebaki wewe. Nilikuwaje?"

Mungu wangu. Sheria ilikuwa karani atazame mkanda mzima siku moja kabla, halafu atie sahihi kwenye karatasi. Ijumaa ile niliuwasha, nikageuza kiti, nikapiga soga kwenye simu na shoga yangu dakika zote arobaini na tano. Sikutazama hata kidogo. Lakini mwanamke yule alikuwa ananisubiri na macho yake, baada ya yote niliyomtenda, na kitu cha kumpa sikuwa nacho. Nikasema, "Ulikuwa mzuri, wifi. Ulikuwa mzuri mno."

"Kweli?"

"Nilisisimka mwili mzima."

"Na pale nilipopiga magoti mbele ya bosi?"

"Pale ndipo machozi yalinitoka."

Wifi akatingisha kichwa taratibu. "Sikupiga magoti," alisema. "Mwongozaji alitaka nipige, tukabishana nusu siku. Nilikataa. Nilisimama mwanzo mpaka mwisho."

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia. Nikamwambia ukweli, habari ya simu na shoga yangu. Yeye hakupandisha sauti. Alisema tu, "Basi hakuna aliyeiona."

"Hakuna."

Alikaa muda mrefu akitoa nyuzi kwenye kola ya sare. Halafu akainuka, akaisogeza cherehani kwa nyonga, akaniambia, "Kaa hapo. Unitazame."

Nikakaa. Akasimama kati ya friji na meza, mama wa miaka sitini na saba, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni. Akaanza kusema na mabosi wale wasiokuwepo. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu vijiko vya nyumba isiyo yake, na mimi niliyemjua tangu msichana nikaingiwa na woga wa kweli, nikaona aibu kama ni mimi niliyekaa kwenye kochi la tajiri yule. Alifika kama dakika tatu. Halafu akakwama katikati ya sentensi, midomo ikitafuta. Akarudi nyuma neno moja, akajaribu tena.

"Yaliyobaki yamepotea," alisema. "Yalikuwa mengi."

Nilikuwa nalia bila kujizuia. Nikamwambia, "Wifi, ulikuwa mzuri. Haki ya Mungu, ulikuwa mzuri."

Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayedai sare imembana. Akavuta kiti, akakaa, akatia uzi kwenye sindano.

"Ndivyo ulivyosema hata mwanzo," akanijibu, na akaendelea kushona.