Eropleni Iliyopita Juu ya Mtama Wetu

Mimi kompyuta siijui. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kulinda shamba, na sijawahi kurudi. Lakini mjukuu wangu wa kike aliyeko Mikumi, huyo mwache tu. Ana duka la steshenari pale barabara kuu, malori ya Iringa yakipita kuta zinatikisika, na yeye humo ndani anapiga picha za pasipoti, anatoa fotokopi, anawaandikia watu barua za kuomba kazi. Wateja wakikatika, anarusha ndege. Si ndege ya kweli. Ni mchezo wa kwenye kompyuta, ila usiuchukulie mchezo wa watoto: ana usukani wake wa mkono, ana ramani, na ukikosea unaanguka kweli, unaona moshi. Kwenye kikoba chetu Kilosa nimewaambia wenzangu kwamba mjukuu wangu ni rubani. Wakiuliza wa shirika gani, nawajibu wa shirika lake mwenyewe.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mavuno. Nilikuwa nimekaa nachambua mchele, akanigeukia, akasema, "Mke mwenza, leo nikupeleke wapi? Maka au Dubai?" Nikamwambia anipeleke kwetu. Akacheka, akaruka. Akafuata reli mpaka Kilosa, tukaona mto, tukaona milima imekaa palepale, akakata kwenda upande wa Rudewa ambako zamani ilikuwa mkonge mtupu. Halafu mbuga ya Mkata ikafunguka mbele yetu, tambarare kama mkeka. Nikaacha mchele.

"Vipi, bibi?"

Nikamwambia eropleni siyo hii. Iliyopita hapa ilikuwa na injini mbili na mkia wenye mapanga mawili yaliyosimama wima, na ilinguruma mpaka meno yanacheza mdomoni.

Wewe rafiki yangu unayesoma, huenda hujui kuamia ndege, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kwetu tulilima mtama, pale mkonge unapoishia na mbuga kuanza. Mtama ukianza kuwa na maziwa, kweleakwelea wanakuja. Kandege kadogo, mdomo mwekundu, ukikashika mkononi hakajazi hata kiganja. Lakini wanakuja kama moshi wa garimoshi, wingu linalopinda na kujikunja, na wakitua kwako asubuhi, jioni una mabua. Basi kila shamba lilikuwa na dungu. Miti minne imesimikwa, juu kitanda cha fito, na paa la nyasi. Watoto tulipanda humo kabla jua halijachomoza, tukashinda na kombeo, na makopo yenye kokoto yaliyofungwa kwa kamba kutoka kona hadi kona. Unavuta kamba, shamba zima linapiga kelele. Unapiga kelele na wewe. Jioni sauti imekauka, unaongea kama jogoo mgonjwa.

Na ilikuwa raha, nisikudanganye. Nilikuwa na dada yangu, mkubwa kwangu, kifua kimeanza kumtoka na mdomo tayari ulikuwa wa mtu mzima. Tulichoma masuke mabichi ya mtama, tukayapikicha mikononi, tukapuliza makapi na kula yakiwa ya moto. Tukinasa kweleakwelea, tunawanyonyoa, tunawapaka chumvi, tunawachoma kwenye kijiti, unatafuna na mifupa. Dada alikuwa akitukanana na watoto wa dungu la jirani kutoka shambani hadi shambani. Yule anamwambia una miguu ya korongo, huyu anamjibu wewe hata mama yako anakuogopa ukiamka. Wakichoka kutukanana wanaombana moto.

Bibi yetu, mzaa baba, ndiye alikuwa jeshi lote. Alikuwa akisema shamba lisilo na mtoto ni karamu. Na ni kweli. Ukitoa mlinzi wako peke yako, ndege wanaofukuzwa kwa wenzako wote wanamalizikia kwako. Kwa hiyo hakuna aliyetoa. Mtu anafiwa, mtoto yuko dunguni. Mtoto ana homa, anapanda na homa yake.

Mwaka wa eropleni kweleakwelea walizidi. Walilala kwenye matete na migunga ng'ambo ya mashamba yetu, wengi mpaka matawi yakavunjika, na harufu ya mavi yao ilifika jikoni. Bwana shamba akaja na baiskeli, akakusanya wazee. Akasema serikali inaleta eropleni ya dawa, itapita jioni ndege wakirudi kulala, na mtu yeyote asiwe shambani. Jirani yetu aliyepigana vita vya Burma akauliza dawa ikiangukia watu itakuwaje. Bwana shamba akasema haitaangukia, kwanza rubani ni mtu wa akili zake. Atazunguka mara ya kwanza bila kumwaga kitu, aangalie. Akiona mtu, anapita zake.

Wazee waliitika. Walipofika nyumbani kila mmoja alifikiri la kwake. Kweleakwelea hawalali mpaka wamekula mara ya mwisho, na saa hiyo ya mwisho ndiyo wanakula kama hawatakula tena. Bibi akatuambia pandeni, kaeni, eropleni ikija pigeni kelele muonekane. Dada akamkumbusha tangazo. Bibi akasema, "Tangazo wameambiwa watu. Kweleakwelea hawajaambiwa." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Jioni hiyo madungu yote yalikuwa na watoto.

Ilitokea upande wa reli. Yule jirani wa Burma aliisikia kabla ya sisi kuiona, akasimama kwenye kijia akapiga kelele kwamba hii anaijua, hii ilikuwa ya kumwaga mabomu, vita vimekwisha imebadilishiwa kazi. Ilizunguka mara moja, kama alivyosema bwana shamba. Ilizunguka kweli. Tulisimama juu ya dungu wote wawili tukapunga mikono, tukaomba atuletee pipi. Dada aliapa kwamba rubani amempungia. Mimi niliuogopa ule mngurumo, nikateremka nusu, nikajibana kwenye mguu wa dungu chini ya fito. Akachungulia akanicheka, "Shuka, muoga wee, nenda kajifiche kwa mama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya akili timamu niliyoyasikia.

Eropleni ikarudi, chini sana, tumbo limefunguka. Ukashuka umande wa dawa, mimi niko chini ya fito, dada amesimama juu. Ulikuwa unanuka kitunguu saumu kilichooza. Upepo ulikuwa unatoka mbugani kuja kwetu, na dungu letu ndilo lililokuwa karibu zaidi na matete.

Sitakaa sana hapa. Dada alitokwa na mate, mate yasiyokoma. Mboni za macho zikawa kama kichwa cha sindano. Nyama za mikono zilikuwa zinacheza zenyewe, kama za mbuzi aliyechinjwa. Walimlaza kitandani, wakanyanyua kitanda kuelekea hospitali, wakakirudisha kabla hawajafika mbali. Majirani walisema alikula ndege wenye sumu. Hakula. Waliokula walianza kesho yake, waliwaokota kwa vikapu mpaka bwana shamba akaja kuwachapa. Bwana shamba mwenyewe alisema alitangaza, na rubani aliangalia. Bibi alivuna mtama wote mwaka ule, akaupeleka sokoni mpaka gunia la mwisho, hatukula hata kibaba.

Basi mimi nimebaki na swali moja maisha yangu yote. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimezika mume nalo. Rubani alizunguka. Alituona au hakutuona? Kama alituona akarudi, huyo ni mtu wa kulaaniwa, na nimemlaani sana. Kama hakutuona, sijui nimlaani nani.

Nilimweleza mjukuu wangu haya yote nikiwa naendelea na mchele wangu, maana sina machozi ya jambo hilo. Nilishayangoja kama unavyongoja maji ya bomba la Kilosa. Akaacha usukani. Halafu akauliza mapanga ya mkia yalikuwaje, mabawa yalikaa juu au katikati, akanionyesha picha moja baada ya nyingine mpaka nikaweka kidole. Ile.

Akainunua. Inawezekana kununua ndege ya vita ya zamani ukaiongeza kwenye mchezo, watu wanazitengeneza. Lakini haikuwaka. Injini ya kushoto inakohoa, inazima, ya kulia haikohoi hata. Kuna siku skrini nzima ikawa nyeusi na mteja anasubiri cheti chake cha kuzaliwa. Akaenda kuomba msaada kwenye kijiwe chao cha mtandaoni, ambako watu wa dunia nzima wanakaa wakizungumzia ndege za babu zao. Wa kwanza alimjibu kwa kumcheka, kwamba huu mzigo si wa wanaoanza. Mjukuu wangu naye hakukaa kimya, nimemlea mimi. Wa pili ndiye alikuwa mtu. Mzee wa nchi za baridi, ndiye anayeitunza eropleni ile kwenye kompyuta, wengine wakikwama wanaelekezwa kwake.

Alimuuliza anataka kuirusha kwa kazi gani, maana wengi wanataka kumwaga mabomu. Mjukuu akamwandikia ukweli: bibi yangu anataka kukaa kwenye kiti cha rubani juu ya shamba la mtama. Yule mzee alikaa siku kadhaa bila kujibu. Alipojibu, aliuliza kwanza bibi anaamkiwaje kwa lugha yetu. Mjukuu akamfundisha, jamaa akaniandikia shikamoo. Nikauliza ana umri gani. Nikaambiwa amepita themanini. Nikasema futa hiyo, mwambie mimi ndiye ninayemwamkia. Ikabidi afundishwe na marahaba.

Kumbe shida ilikuwa ndogo. Mjukuu aliipakia kwenye kabati la mafaili ya mchezo wa zamani badala ya huu mpya, na zile koki za mafuta nyuma ya kiti zilikuwa hazijafunguliwa. Mzee akamwelekeza hatua kwa hatua, na mabishano yalikuwepo, huyu anasema nimefungua, yule anasema angalia tena, mpaka injini zikawaka zote mbili. Nilikuwa nje nauza maneno na mama wa mihogo. Nikaisikia kupitia ukutani. Mama wa mihogo akauliza ni lori gani hilo. Nikaingia ndani.

Kisha yule mzee akauliza dungu lilikuwa na urefu gani. Nilimwambia mtu mzima amesimama amenyoosha mkono juu. Akatujengea dungu mle ndani, miti minne na paa la nyasi, akaliweka nilipomwonyesha mjukuu kwenye ramani, mahali mkonge ulipoishia. Na watu wawili juu yake. Alituomba radhi, watu aliokuwa nao ni wale wa uwanjani wanaoelekeza ndege, wazungu wawili wenye makoti ya njano. Nilicheka. Dada angecheka zaidi.

Nikaketi kwenye kiti. Mjukuu akashika usukani, mimi kazi yangu kutazama tu, macho ya rubani. Tukatokea upande wa reli. Pua ya kile kitu ni ndefu, inakula nusu ya dunia. Nikaona mbuga, nikaona nukta, nukta ikawa banda, na juu yake njano mbili, wazi kabisa, kabla pua haijazifunika.

"Umewaona, bibi?"

"Nimewaona."

Akauliza, "Nyinyi mlivaa nini siku ile?"

Kaniki. Tungevaa nini? Kaniki nyeusi iliyopauka, rangi ya udongo wa kwetu. Akaniuliza kama nataka awabadilishe. Nikasema wabadilishe. Akahangaika nayo, koti likawa rangi ya kaniki, ngozi ikawa ngozi yetu, akazunguka tena kutoka kulekule kwenye reli. Nilijua dungu liko wapi. Nilikodoa macho mpaka yakauma. Nikaona paa la nyasi. Chini ya paa nikaona kivuli. Basi. Akarudia, nikaona paa na kivuli. Mara nyingine nilisema huyu hapa, mjukuu akasimamisha mchezo, akasogeza karibu, ilikuwa ni mti wa dungu.

Kwa hiyo aliangalia, na hakutuona. Bwana shamba hakusema uongo, wala hakusema kitu cha maana. Nilikaa nikingoja nione kitakachonijia. Hakuna kilichonijia. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa unajua ni wako, lakini hausemi.

Siku hizi huko hakuna mtama. Wafugaji wamejaza ng'ombe, wanagombana na wenye mpunga, kila mwaka kuna kesi. Madungu hakuna anayeyajenga, watoto wako shule na ni vizuri wakae hukohuko. Bibi hayupo, jirani wa Burma hayupo, mama hayupo. Katika watu waliowahi kumsikia dada yangu akitukana kutoka shamba hadi shamba, nimebaki mimi, na sauti yake siikumbuki tena. Ninakumbuka maneno, yana sauti yangu.

Mjukuu aliniuliza kama afute alichojenga yule mzee, maana kinakula nafasi kwenye kompyuta. Eropleni ilikuwa imesimama angani, ameizuia palepale, mabawa yameinama kuelekea shambani.

"Dungu liache," nikamwambia. "Hao wawili washushe."

Akabofya mara mbili. Wakashuka.