"Haya" Kumi na Nne za Mzee Godana

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanangu, niliwasha kinasa sauti katika ukumbi mmoja wa Garsen. Nilikuwa kijana. Bi Rehema, mtafiti wa chuo kikuu, alikuwa akichunguza watu wanavyozungumza katika mikutano ya kazi, akanichukua nimwandikie kila neno.

Siku ile afisa wa mradi alieleza mpango wa kulima ukanda wa Minjila, ambao ng'ombe hupitia kwenda kunywa mtoni. Mzee Godana, msemaji wa wafugaji, alimsikiliza. Kila afisa alipopumzika, mzee alisema, "Haya." Nilizihesabu kumi na nne. Mwishoni nikaongeza mstari wangu mwenyewe: wafugaji wamekubali. Afisa akaomba nakala iwe kumbukumbu za kikao. Nikampa kwa fahari.

Kikao kilichofuata kumbukumbu hizo zikasomwa. Mzee Godana akasimama.

"Nani amefunga njia ya ng'ombe wangu kwa kalamu?"

Nikanyoosha mkono. "Ulisema haya, mzee. Mara kumi na nne."

"Wewe mtoto wa wakulima wa Hewani! Mke wangu nikimsimulia habari za ng'ombe husema haya mara hamsini. Hajanikubalia hata moja!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwetu mtu akisema, anaitikiwa. Haya ni kumwambia nakusikia, endelea. Sasa ng'ombe wangu wakanywe karatasi yako?"

Bi Rehema hakunitetea. Aliwasha kinasa sauti, wote wakaisikia sauti ya kikao kile. Baada ya haya ya mwisho ilisikika sauti ya mzee, ya chini: "Nitakwenda kuwauliza wenzangu." Sentensi hiyo sikuiandika. Niliona kazi imekwisha.

"Kumbukumbu zimeshatiwa sahihi," afisa akasema.

Nikasimama. "Mstari ule ni wangu, si wa mzee. Ufutwe, au andikeni kwamba mwandishi amesema uongo." Ukafutwa. Ng'ombe wanapita pale hadi leo.

Tangu hapo nimejifunza mwenyewe, daftari baada ya daftari, mtu anavyoitikia na anavyokubali. Mwanangu, ukipewa kalamu ya kikao, andika lililosemwa, na usilolielewa uliza kabla watu hawajatoka. Ukikosea, simama uliseme kosa lako palepale ulipolifanya. Mungu akupe sikio lenye subira, na ulimi usioogopa kusema: nilikosea.