Dakika Arobaini za Masjala

Anyesi alikuwa mtu wa kunusa. Ukimwamkia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, anakuitikia marahaba huku anajiuliza unataka nini. Sokoni Majengo hakununua fungu la nyanya mpaka ageuze za chini zije juu. Siku mchungaji alipomsifu kwamba anaimba vizuri, alirudi nyumbani Makole akamwambia binti yake Edina, "Hao wananitafutia zamu ya kufagia kanisa." Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikuwa tu amekaa masjala miaka ishirini na mitatu, na mle ndani alishajifunza kwamba kila barua ina barua nyingine nyuma yake.

Masjala yenyewe ilikuwa ya shirika moja la umma hapa Dodoma. Jina tuliache, lilishakufa na kuzikwa. Kilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma na majalada elfu sita na ushee. Ofisa akitaka jambo, anamtuma tarishi Silvano na kikaratasi, na Anyesi ananyoosha mkono. Hakuhitaji kufungua daftari. Alijua jalada la ugomvi wa kiwanja cha Mpwapwa liko wapi kama wewe unavyojua chumvi iko wapi jikoni kwako. Dakika mbili, tatu umeme ukiwa umekatika, Silvano yuko njiani kurudi nalo. Alitoka Mvumi na darasa la nane lake, akaanza kwa kugonga mihuri, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea alipofiwa na mume, ikamsimamishia vyumba vitatu Makole. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuijua.

Lakini mwaka ule wa tisini na nne kila mtu alikuwa ananusa. Mashirika yalikuwa yanauzwa. Wakubwa waliita ubinafsishaji, wafanyakazi waliita redandansi, na neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Mtu anaitwa ofisini Ijumaa, Jumatatu kiti chake kina vumbi. Meneja mkuu mpya, Bwana Ulimboka, aliletwa kutoka Dar es Salaam kuliandaa shirika kwa mnunuzi, na wiki hiyohiyo wakaja wataalamu na futi ya kupimia. Walipima maghala, wakapima ofisi, wakapima hata choo.

Bwana Ulimboka hajamaliza hata siku kumi, akaingia masjala kijana mwembamba wa shati jeupe, bahasha mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, mama. Naitwa Fabian, mwanafunzi wa chuo, mwaka wa mwisho. Nafanya utafiti wa tasnifu. Bwana Ulimboka ameniruhusu nikae hapa kwenu wiki tatu."

Anyesi aliifungua ile bahasha akaisoma barua akiwa amesimama. Ilianza na "Kwa yeyote anayehusika." Tangu azaliwe hakupenda barua isiyojua inakwenda kwa nani. Akatazama juu, akatazama chini, akaigeuza nyuma.

"Hii barua haina kumbukumbu namba."

"Nadhani karani wa chuo alisahau, mama."

"Karani hasahau namba, mwanangu. Karani anaweza kusahau jina la mkewe. Haya, unatafiti nini?"

"Wenzangu wengi wamechukua masoko. Kuna mmoja anafuatilia mvinyo wetu wa zabibu unavyosukumwa na ule wa kutoka nje. Wengine wako kwenye rasilimali watu. Mimi nimechukua kompyuta. Yaani, kompyuta na kazi za masjala."

Rasilimali watu. Anyesi alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo yakiwa pamoja. Rasilimali alizijua, ni magari, ni maghala, ni vile vilivyopimwa kwa futi juzi. Kumbe na watu wamo. Wakati bado anatafuna hilo, Fabian akatoa mfukoni saa ya duara, ile ya kupimia mbio shuleni, akaiweka juu ya meza.

"Nitakuwa nahesabu tu muda tangu kikaratasi kinaingia mpaka jalada linatoka. Nyinyi fanyeni kama kawaida."

Hapo ndipo Anyesi alipopata uhakika kwamba si mwanafunzi.

Aliyekaa meza ya pili aliitwa Hamida, mwanamke wa Kolo, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Mchana, kijana alipokwenda kula, Hamida alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Anyesi utamshuku hata mkunga aliyekuzalisha! Mtoto wa watu amekuja kutafuta cheti chake."

"Na saa ya nini? Tangu lini wanafunzi wanatembea na saa za mbio?"

Hamida angeendelea kucheka kama Silvano asingeingia na habari. Alimwona Fabian kantini, amekaa anakunywa chai na mmoja wa wale wataalamu wa futi, wanaongea na kucheka kama ndugu. Hamida alikiweka chini kijiko chake.

"Mnaona?" alisema Anyesi. "Sikilizeni. Jalada likitoka kwa dakika mbili, ataandika kwamba hawa watu wanakaa tu siku nzima. Watatu wa nini? Mmoja anatosha. Au asiwepo kabisa. Tunataka aandike kwamba kazi ni nzito, watu watatu wanahenyeka na bado hawatoshi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna jalada litakalotoka hapa kabla ya dakika arobaini."

Wakakubaliana watatu hao, na hakuna aliyecheka.

Zilikuwa wiki tatu za mateso. Kikaratasi kinaingia, Fabian anabonyeza saa, na Anyesi anaanza safari. Anafungua daftari la majalada ukurasa wa kwanza. Anapitisha kidole mstari kwa mstari. Anapanda kigoda, anakohoa vumbi, anashuka. Anamwuliza Hamida, Hamida anasema labda liko kabati la tatu, wanakwenda kabati la tatu, wanarudi. Jalada lenyewe limekaa pale pale linamtazama, na mkono wake unawasha. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kama mpishi anayelazimishwa kuunguza wali mbele ya wageni. Maofisa walipiga kelele, akawajibu kwamba mgeni anawatia watu kiwewe.

Fabian naye alizidi kunyong'onyea kila siku. Siku moja aliikazia macho ile saa yake muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Mama, siku zote huwa hivi?"

"Siku zote, mwanangu. Kazi hii ni nzito."

Aliandika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Anyesi akamnong'oneza Hamida, "Mwone anavyojua kujifanya ana huzuni."

Kijana aliondoka akiwashukuru, akamwachia Silvano kalamu mbili. Ungedhani basi, mambo yatarudi yalivyokuwa. Hayakurudi. Anyesi alisema huwezi kujua nani ameachwa nyuma anatazama, na kwa hiyo majalada yakaendelea kutoka kwa mwendo wa kobe, miezi mitatu mizima. Bwana Ulimboka, ambaye hakuwahi kuiona masjala ya zamani, alijua hiyo tu.

Tasnifu ililetwa mwezi wa tisa, jalada gumu la bluu, nakala ya shirika. Iliteremka kutoka kwa meneja ili ifunguliwe faili kama karatasi nyingine yoyote. Juu yake palikuwa na dokezo la mkono wa Bwana Ulimboka: nimesoma, pendekezo nimelikubali, utekelezaji uanze.

Ilikuwa ya Kiingereza, lakini Kiingereza cha ofisi Anyesi alikijua vizuri. Alikimbilia mwisho kwanza. Wastani wa kupata jalada moja, dakika arobaini na moja. Pendekezo, zinunuliwe kompyuta mbili, na makarani wa masjala waliopo wapishe kijana mmoja aliyesomea kazi hiyo. Kulikuwa na karatasi ya majina imebanwa kwa pini. Lake la kwanza, la Hamida la pili.

"Si nilisema?" alimwambia Hamida, na sauti yake ilikuwa karibu na ushindi. "Si nilisema ni mpelelezi?"

Kisha akarudi mwanzo, kwa mazoea tu, maana hakuna karatasi aliyowahi kuifungulia faili bila kuisoma yote. Katika ukurasa wa utangulizi Fabian alieleza kwa nini alichagua mada hiyo. Mwalimu wake, aliyewahi kufanya kazi katika shirika hilo, alimsimulia habari za mama mmoja wa masjala anayekupa jalada kabla hujavuta kiti. Ndipo akaja kupima, akitumaini kuonyesha kwamba penye mtu wa namna hiyo hakuna haraka ya kununua kompyuta. Hakuwaambia wahusika matumaini yake, asije akawafanya wabadili mwenendo. Kwa masikitiko, aliandika, matokeo hayakumuunga mkono.

Anyesi aliisoma sehemu hiyo mara tatu. Hamida alipomwuliza kuna nini, alimsogezea kitabu, akavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza, akapanda ngazi kwenda kwa meneja.

Bwana Ulimboka hakuwa mkali. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kalamu yake imetulia.

"Kwa hiyo mlimdanganya yule kijana."

"Tulimdanganya, mzee. Tuliogopa. Tulidhani ametumwa."

"Wiki tatu. Na baada ya hapo mkanidanganya na mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Na leo, umeliona jina lako kwenye karatasi, ndiyo unaniambia ulikuwa uongo."

Anyesi alisogea ukingoni mwa kiti. "Waulize maofisa wa zamani. Wananijua."

"Maofisa wa zamani nao wamo kwenye orodha ya wanaopunguzwa, mama. Unadhani watasema nini?"

"Basi nijaribu. Taja jalada lolote, la mwaka wowote. Weka saa yako mezani."

Meneja aliitazama saa yake, na kwa muda mfupi Anyesi aliamini kwamba ataivua. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mkanda. Kisha akaushusha mkono wa shati juu ya saa.

"Ukijua unapimwa utakimbia," alisema. "Yeyote angekimbia. Mimi nitajuaje kwamba huo ndio mwendo wako wa kila siku, na kwamba hizo dakika arobaini ndizo za kuigiza?"

Hakusema kwa ubaya. Alisubiri jibu kabisa, kama mtu anayetaka kusaidiwa kuamini. Anyesi alitafuta neno, yeye ambaye hakuwahi kutafuta kitu akakikosa, na halikuwepo. Akaomba ruhusa, akatoka.

Hamida alikuwa amesimama mlangoni mwa masjala, ile tasnifu ameikumbatia kifuani.

"Amesemaje?"

"Amesema ambacho ningesema mimi," Anyesi alijibu, akamtaka ampe kitabu akakifungulie faili.