Daraja lilisombwa na maji, lakini kwenye ramani lilikuwa linafufuka kila nikilifuta

Wakuu, heshima kwenu. Nipo mji wa Baraka, Fizi, huku mashariki mwa Kongo, na haya yamenikuta mwenyewe, sipigi kamba hata kidogo. Bado nashangilia!

Mvua ilisomba daraja moja la njia ya kwenda kijiji cha Swima. Sisi wenyeji tukahamia njia ya juu, ya mlimani. Mimi napenda kuchora ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, basi nikalifuta daraja. Nikajipongeza.

Siku chache baadaye limerudi! Nikafuta. Likarudi tena!! Nilifoka mpaka mke wangu akauliza nagombana na nani.

Na haukuwa mchezo. Dada yangu Riziki anaishi Swima, mimba yake ilikuwa ya mwisho mwisho. Jirani yangu, dereva wa gari la wagonjwa, ni mgeni kutoka Bukavu, anaendesha kwa kufuata ramani hiyohiyo kwenye simu. Alishafika kwenye lile pengo mara moja, akanipigia: "Ndugu, daraja iko wapi? Mi naona maji tu!"

Nikamwandikia huyo anayelirudisha. Kumbe ni mtu wa kujitolea, yuko mbali huko, anachora kwa picha ya satellite ya zamani. Daraja analiona kabisa, akadhani kuna mtu kalifuta kwa bahati mbaya. Roho nzuri, lakini alikaribia kuniua kwa presha!

Tukaelewana vizuri tu. Akanielekeza: usifute. Acha mstari, ila tag ya barabara, ile lebo inayoiambia app kwamba hii ni njia, itangulizie neno "destroyed:", yaani imeharibiwa, halafu weka note kwamba daraja limesombwa na picha ni ya zamani. App haipitishi tena gari hapo, na mchoraji mwingine akija anasoma, anaacha.

Nikafanya hivyo. Dereva nikamganda mpaka aka-update ramani yake.

Jana mchana uchungu ukamshika Riziki. Dereva akatoka kwenda kumchukua amlete hospitali ya huku; nikampigia akiwa njiani, roho juu: unapita wapi?

"Telefone inanipitisha kwa mulima. Usiogope, ndugu."

Wakuu, nilipiga ukelele pale sokoni, bamama wa samaki wakadhani nimepagawa!

Mtoto kazaliwa hapa Baraka, wa kike, na mama yake mzima.

Funzo: ukifuta bila maelezo, mwenzako ataona pengo na atalijaza anavyojua yeye. Mwachie ujumbe.

Kwenu je, ni kitu gani kimeshaondoka lakini ramani bado inang'ang'ania kipo? Semeni, kabla gari la mtu halijakifuata.